Mkojo wa Rangi ya Strungi: Historia ya Kipimo Kinachofichua Misuli Iliyoumia

Leo tunazungumza juu ya mkojo. Najua wengine mtacheka na wengine mtapunguza sauti ya redio kwa sababu kuna wageni sebuleni, lakini tafadhali msizime. Ni nani anayejua mkojo wa watu wa nyumba yako kuliko wewe? Wewe ndiwe unayefua shuka, unayemwaga poti la mtoto asubuhi, unayemshika mgonjwa mkono mpaka chooni. Rangi ikibadilika, wewe utaiona kabla ya daktari.

Rangi tunayoitafuta leo ni ile ya strungi iliyokolea, au ya soda nyeusi. Mkojo ukitoka hivyo baada ya mtu kupigwa vibaya, kuangukiwa na ukuta, kuungua sana, kurushwa na stima, au kushikwa na kifafa kwa muda mrefu, huenda misuli yake imeumia kiasi cha kuhatarisha figo. Maabara inaweza kulichunguza jambo hilo kwa kipimo cha bei nafuu. Lakini maarifa ya kipimo hicho hayakuja bure. Yaligharimu maisha ya watu wengi katika nchi nyingi, na nataka nikusimulie yalivyopatikana, kwa sababu ukiijua historia yake utajua la kuuliza ukifika hospitalini.

Tuanze hapa kwetu. Afrika Mashariki iliuogopa mkojo mweusi tangu zamani. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Nakuru mwaka 1900, wageni waliokuja nayo walikuwa na hofu kubwa ya ugonjwa waliouita homa ya mkojo mweusi. Mtu mwenye malaria, mara nyingi yule aliyekuwa akimeza kwinini leo na kuiacha kesho, ghafla alikojoa mkojo mweusi, akageuka manjano, na wengi walikufa. Kilichotokea ni kwamba chembe nyekundu za damu zilipasuka ndani ya mishipa, na rangi yake ikamwagika kwenye mkojo. Ugonjwa huo ulipungua sana kwinini ilipoachia nafasi dawa nyingine katikati ya karne ya 20, ingawa haukuisha. Katika miaka ya karibuni madaktari wa mashariki mwa Uganda, huko Mbale na Jinja, wameeleza juu ya watoto wengi wanaolazwa wakiwa na malaria na mkojo mweusi.

Kwa nini ninayataja haya? Kwa sababu mazoea hayo yametuachia fikira moja: mkojo ukiwa mweusi, basi ni malaria, mpeleke apewe dawa. Sasa tazama. Mji wa Nakuru uko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na malaria si nyingi hapa kama ilivyo kandokando ya Ziwa Victoria au katika mabonde ya chini ya Baringo. Mtoto wa Bahati au Njoro ambaye hajasafiri popote, hana homa, na jana alipigwa au aliangukiwa na kitu, mkojo wake mweusi una asili nyingine.

Asili hiyo unaijua kutoka jikoni. Ukinunua nyama ya ng'ombe kwa mwenye bucha, hata uioshe mara tatu, bado ni nyekundu. Yale maji mekundu yanayobaki kwenye sahani wengi wetu huyaita damu. Sehemu kubwa ya wekundu ule si damu. Damu ilikwisha kumwagika mnyama alipochinjwa. Ule ni wekundu wa msuli wenyewe, na wataalamu huuita mioglobini. Ni ndugu wa hemoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, na kazi yake ni kuiwekea misuli akiba ya hewa safi. Misuli ya kifua cha kuku ina mioglobini kidogo, ndiyo maana nyama yake ni nyeupe. Ya ng'ombe ina nyingi, na yetu sisi watu pia ina nyingi.

Msuli ukipondwa, chembe zake hupasuka na mioglobini huingia kwenye damu. Kwa kuwa ni ndogo, karibu robo ya hemoglobini, hupita upesi kwenye chujio la figo na kutokea kwenye mkojo. Ikiwa kidogo, hakuna shida kubwa. Ikiwa nyingi, na mwili una upungufu wa maji, huganda katika vijifereji vya figo na kuviziba kama masazo ya chai yanavyoziba sinki. Pamoja nayo hutoka chumvi iitwayo potasiamu, ambayo ikizidi katika damu inaweza kuusimamisha moyo. Na msuli ulioumia huvuta maji mengi ukavimba, hivyo damu inayobaki ikapungukiwa na maji wakati figo zinayahitaji kuliko siku nyingine zote.

Hayo tunayasema leo kwa wepesi, lakini yalichukua miaka mingi kueleweka. Tarehe 28 Desemba 1908 tetemeko kubwa liliubomoa mji wa Messina, kusini mwa Italia, likaua makumi ya maelfu ya watu. Madaktari waliowahudumia waliookolewa waliona kwamba baadhi yao, ingawa walitolewa chini ya vifusi wakiwa hai, walikufa siku zilizofuata. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na askari wakafukiwa na udongo wa mahandaki. Mwaka 1923 Mjapani mmoja aliyekuwa akifanya kazi Berlin, Dakta Seigo Minami, aliandika juu ya figo za askari waliokufa kwa namna hiyo. Alikuta figo zimejaa rangi, na akasema kwamba asili ya ubaya ilikuwa katika misuli iliyokufa. Maneno yake yaliandikwa kwa Kijerumani, na nje ya Ujerumani karibu yasahaulike.

Kuanzia Septemba 1940 hadi Mei 1941 ndege za Ujerumani ziliudondoshea mji wa London mabomu, usiku baada ya usiku. Nyumba za matofali ziliwaangukia watu. Katika hospitali ya Hammersmith alikuwako daktari kijana, Eric Bywaters, na mwenzake Desmond Beall. Waliona jambo lililowashangaza. Mtu anatolewa chini ya kifusi baada ya saa kadhaa, mguu wake ulikuwa umebanwa na boriti. Anafika akizungumza. Wakati mwingine hana hata mfupa uliovunjika. Baada ya saa chache mguu unavimba na kuwa mgumu kama ubao, nguvu za damu zinashuka. Anatiwa maji au damu mshipani, anapata nafuu, jamaa zake wanashusha pumzi. Lakini mkojo wake ni wa rangi ya kahawia, tena ni kidogo. Kesho yake ni kidogo zaidi. Siku zinapita, sumu ambazo figo zilipaswa kuzitoa zinajaa mwilini, na ndani ya wiki moja hivi mtu yule yule aliyekuwa akizungumza anafariki.

Machi 1941 walichapisha taarifa ya wagonjwa 4 wa namna hiyo, na tangu hapo madaktari wa dunia nzima wakaujua ugonjwa wa kupondwa. Mwaka huo huo Bywaters na wataalamu wa kemia waliupima mkojo wa wagonjwa hao kwa kifaa kinachogawanya mwanga kuwa rangi mbalimbali, kama upinde wa mvua. Kila kitu chenye rangi humeza sehemu yake ya mwanga, na alama alizoacha mkojo ule zilikuwa za mioglobini. Hapo ndipo mkojo ulipotoa ushahidi juu ya misuli. Bywaters baadaye aliacha mambo ya mabomu akawa bingwa wa magonjwa ya viungo, na kwa miaka mingi alihudumia watoto wenye homa ya baridi yabisi.

Angalia jambo moja hapo, mama. Wagonjwa wale hawakufa chini ya vifusi. Walikufa baada ya kuokolewa, hospitalini, wakati jamaa zao walikuwa wamekwisha kumshukuru Mungu. Ndiyo maana hadithi hii inakuhusu wewe uliyeketi kando ya kitanda.

Basi ni nini kingeweza kufanywa? Bywaters alisisitiza maji, tena mapema. Ushahidi mzuri ulipatikana baadaye kabisa. Mwaka 1982 jengo liliporomoka katika mji wa Tiro huko Lebanoni. Madaktari wa Israeli waliwatia majeruhi maji ya mshipa pale pale kwenye kifusi, kabla hata hawajatolewa wote. Taarifa yao ya mwaka 1984 inaeleza juu ya watu 7 waliopondwa misuli na kutibiwa hivyo, na hakuna hata mmoja ambaye figo zake zilikufa. Watu 7 ni wachache, lakini ukilinganisha na vifo vya London unaona tofauti. Katika matetemeko makubwa yaliyofuata, kama lile la Armenia la Desemba 1988, mamia ya waliookolewa walihitaji mashine ya kusafisha damu, na mashine hazikutosha. Uturuki ilipotikiswa Agosti 1999, watu 639 waliharibika figo kwa kupondwa, na 477 kati yao waliwekwa kwenye mashine. Safari hiyo mashine na wauguzi walikuwa wamepangwa mapema, na wengi wakapona.

Sasa turudi kwenye mkojo, maana si kila hospitali ina kifaa cha kugawanya mwanga kama kile cha London.

Tangu karne ya 19 watu wa kemia walijua hila moja: utomvu wa mti fulani wa Amerika, ukichanganywa na dawa ya kuoshea vidonda iitwayo haidrojeni peroksaidi, hugeuka buluu ukikutana na damu. Baadaye walitumia dawa nyingine iitwayo benzidini, mpaka ikagunduliwa kwamba inawaletea wafanyakazi saratani ya kibofu. Halafu mume na mke wa Marekani, Alfred na Helen Free, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya dawa kule Elkhart, Indiana, walitengeneza vijiti vyenye dawa kavu ambavyo unavichovya tu kwenye mkojo na kuangalia rangi. Kijiti chao cha kupima sukari kilianza kuuzwa mwaka 1956, na baada ya muda mfupi vikaja vya protini, vya damu, na vile vyenye vipimo vingi pamoja.

Unavijua vijiti hivyo. Ulipokuwa mjamzito, kila ulipokwenda kliniki ulipewa kikopo ukaenda chooni, na muuguzi akachovya kijiti chenye viraka vya rangi. Alikuwa akitafuta protini na sukari. Kwenye kijiti chenye vipimo vingi, kile ambacho watu wa maabara hukiita dipstiki, mna kiraka cha damu pia. Na hapa ndipo penye siri ya mazungumzo yetu ya leo. Kiraka hicho hakiwezi kutofautisha ndugu hawa wawili. Kikikutana na hemoglobini hugeuka kijani, na kikikutana na mioglobini hugeuka kijani vile vile. Fundi wa maabara ataandika: damu, alama tatu za kujumlisha.

Kisha huchukua mkojo ule ule, akauzungusha kwenye mashine ili uchafu ukae chini, akatia tone chini ya hadubini. Ikiwa mtu anavuja damu kwenye figo au kibofu, ataona chembe nyekundu nyingi. Ikiwa kijiti kimesema damu tele, na hadubini haioni chembe nyekundu, au inaona mbili tatu tu, basi majibu mawili yanagongana. Mgongano huo ndio dalili. Rangi ile haikutoka kwenye chembe za damu zilizopita kwenye mkojo. Ni ama hemoglobini kutoka damu iliyopasuka ndani ya mishipa, kama ile homa ya mkojo mweusi, ama ni mioglobini kutoka kwenye misuli.

Kuzitenganisha hizo mbili kuna njia rahisi ambayo mimi naipenda kwa sababu haihitaji mashine kubwa. Damu ya mgonjwa huwekwa kwenye kichupa na kuachwa itulie, mpaka maji yake yabaki juu. Yakiwa na rangi ya waridi, hemoglobini imemwagika katika damu. Yakiwa meupe kama kawaida huku mkojo ni mweusi, uwezekano wa misuli ni mkubwa, kwa kuwa mioglobini haikai katika damu, hukimbilia kwenye mkojo. Mwaka 1958 ilitangazwa njia nyingine ya kutumia chumvi ya amonia kuzitenganisha, lakini baadaye ilionekana kwamba hudanganya mara nyingine.

Hospitali kubwa hupima kitu kingine katika damu, kinachoitwa CK. Hiki ni kimeng'enya cha misuli. Setsuro Ebashi na wenzake wa Japani walionyesha mwaka 1959 kwamba hupanda sana kwa watu wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli, na tangu hapo kikawa kipimo kikuu cha misuli iliyoumia. Leo daktari akitaka uhakika hutegemea CK, na hupima potasiamu na kazi ya figo pamoja nayo. Hilo halikifanyi kijiti kuwa kitu duni. Kijiti kiko katika vituo vidogo ambavyo havina mashine ya CK, na jibu lake hutoka katika dakika chache. Ndicho kinachoweza kumfanya afisa wa kliniki wa kijijini aseme, huyu asilale hapa, apelekwe Nakuru usiku huu.

Lakini kijiti kina udhaifu wake, na ni vizuri uujue. Mioglobini huondoka upesi. Mara nyingi baada ya siku moja au mbili mkojo umekwisha kuwa safi, ilhali CK huendelea kupanda na huwa juu kabisa kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Kwa hiyo mkojo wa Jumatatu hauwezi kumtoa mtu wasiwasi juu ya kipigo cha Ijumaa. Mkojo unaofaa ni ule wa kwanza baada ya ajali, au ulio karibu nao.

Bonde la Ufa limeona majanga ya kutosha. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, watu wakakimbilia kuteka petroli, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 110 walikufa, na majeruhi walijaa katika hospitali kuu ya Nakuru, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita PGH. Moto unaoingia ndani hauli ngozi tu, hula na misuli. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 kuta za bwawa la Patel huko Solai zilipasuka, maji na tope yakafagia nyumba, na si chini ya watu 47 wakafa. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 ikawa zamu ya Mai Mahiu, ambako maji yaliyokuwa yamezuiliwa chini ya reli yalibomoka na kufunika kijiji cha Kamuchiri, na zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba waliokufa katika majanga hayo walikufa kwa figo. Wengi walizama au waliungua pale pale. Ninawafikiria waliochomolewa kwenye tope wakiwa hai, wakafutwa uso, wakapewa blanketi na chai, na mtu akasema, huyu ni mzima.

Nairobi nayo ilijifunza mambo haya kwa uchungu. Bomu la tarehe 7 Agosti 1998 liliua watu 213 na kuliporomosha jengo la Ufundi lililokuwa jirani na ubalozi wa Marekani. Nchi nzima ilikaa kando ya redio ikisubiri habari za mwanamke mmoja aliyesikika chini ya kifusi, ambaye walipomfikia alikuwa amekwisha kufa. Jengo la Huruma lilipoanguka tarehe 29 Aprili 2016, mtoto mchanga alitolewa hai baada ya zaidi ya siku 3, na mwanamke mmoja baada ya siku 6. Watu hukaa hai chini ya mawe kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Kinachofuata baada ya kutolewa ndicho kinachoamua.

Hata hivyo majengo hayaanguki kila siku. Linaloingia nyumbani mwetu mara nyingi ni fimbo. Mwaka 1994 Dakta Knottenbelt wa Cape Town alichapisha taarifa ya watu 200 waliopigwa vibaya, wengi kwa mijeledi na fimbo, ambao misuli yao ilipondeka kiasi cha kutia figo hatarini. Watu hao hawakuangukiwa na jengo. Kila pigo moja lilikuwa dogo. Mapigo mengi kwenye mgongo, matako na mapaja, ambako misuli ni mikubwa, yalifanya kazi ya boriti. Fikiria sasa mwizi wa kuku aliyepigwa na umati sokoni. Wafikirie waliopigwa kwa rungu Nakuru na Naivasha katika ghasia za Januari 2008. Na mfikirie mtoto wa shule.

Fimbo shuleni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu za kikatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tena waziwazi. Hata hivyo tunajua kwamba fimbo haijaondoka katika shule zote, wala majumbani. Mtoto aliyepigwa mapigo mengi hurudi nyumbani akisema ameanguka. Anakaa upande mmoja. Anajifunika mapaja. Usimlazimishe kueleza kwanza. Mwangalie mkojo. Ukiwa wa rangi ya strungi, au kama hajakojoa tangu mchana, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo, hata kama ngozi haikuchubuka. Michubuko ya ngozi haitoi kipimo cha misuli iliyo chini yake. Ukifika, sema wazi kwamba amepigwa, lini na kwa nini. Ukificha kwa kuogopa mwalimu, au kwa kumsitiri baba yake, afisa wa kliniki atatafuta malaria. Matokeo ya mkojo na ya damu huingia katika faili, na daktari huyatumia akijaza fomu ya P3 ikiwa jambo litafika polisi. Namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, na haitozi chochote.

Yako mengine yanayofanana, na sipendi uogope kila rangi. Dawa za kifua kikuu hufanya mkojo uwe wa rangi ya machungwa, na viazi vyekundu vya bitiruti huutia wekundu. Mtoto aliyepata koo kuuma au vidonda vya ngozi wiki chache zilizopita, akavimba uso na kukojoa mkojo wa rangi ya soda, huyo figo zenyewe zimewaka, na hadubini kwa kawaida itaona chembe nyekundu. Anahitaji hospitali pia. Kuna na yule mtoto aliyekuwa na mafua makali, na anapoanza kupona anaamka asubuhi amekataa kutembea, anashika mashavu ya miguu na kulia. Mara nyingi ni misuli iliyosumbuliwa na virusi, na hupona yenyewe baada ya siku chache, lakini kapime mkojo ili kuhakikisha.

Mkojo wenyewe upeleke ukiwa mbichi, ndani ya saa moja ikiwezekana, katika kikopo safi ulichopewa na maabara. Usitumie chupa ya jemu wala ya dawa. Mkojo uliokaa juani tangu asubuhi huzipasua chembe nyekundu, na hapo hadubini haitaziona hata kama zilikuwepo, na jibu litadanganya. Msichana aliye katika siku zake aseme, kwa kuwa damu hiyo itaingia katika kipimo. Kwa mtoto wa nepi, ibebe nepi yenyewe uwaonyeshe ile alama. Kisha muulize fundi wa maabara kwa adabu: kijiti kimeonyesha damu? Na hadubini imeona chembe nyekundu? Akisema kijiti ndiyo, hadubini hapana, mwambie daktari hivyo hivyo na umkumbushe kwamba mgonjwa alipigwa au alibanwa.

Njiani, mgonjwa mwenye fahamu ambaye hatapiki na tumbo lake halikuumia anaweza kunywa maji safi kidogo kidogo. Dripu ni kazi ya hospitali, hasa kwa watoto. Utafiti wa mwaka 2011 uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa zaidi ya watoto 3,000 wenye homa kali ulionyesha kwamba kuwatia maji mengi kwa haraka mshipani kuliongeza vifo, basi usimsukume muuguzi akuwekee dripu kwa mazoea. Usimpe sindano ya diklofenaki wala vidonge vya Brufen kwa ajili ya maumivu, kwa sababu dawa hizo huzidisha mzigo wa figo. Na zile ndizi, machungwa na juisi tunazozibeba kwenda kuona wagonjwa, ziache nyumbani mpaka daktari apime potasiamu, maana matunda hayo yanayo kwa wingi.

Mtu akiwa amebanwa kwa zaidi ya saa moja na daktari yuko karibu, maji ya mshipa huanzishwa kabla ya kumtoa. Kama hakuna daktari, mtoeni, lakini msimpeleke nyumbani hata akisema hana maumivu. Andika saa aliyobanwa na saa aliyotolewa, hata kwenye kiganja cha mkono. Akilazwa, omba chupa ya kupimia mkojo na uwe ukiandika kila anapokojoa, kiasi gani na rangi gani. Wauguzi wa zamu ya usiku ni wachache na wagonjwa ni wengi, na karatasi yako ndiyo daktari atakayoitazama asubuhi akitaka kujua kama figo zinafunguka.